Usiache Mbachao: Mafunjo ya Kinamasi cha Yala

Wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii tumefunzwa tangu shule ya msingi, na wengi wetu tunaweza kuikamilisha hata kabla mwalimu hajafika katikati. Lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kujiuliza mbacha ni kitu gani? Mbacha ni mkeka, tena mkeka mkuukuu. Mimi nimezaliwa na kulelewa katika boma ambamo mikeka hufumwa kila siku ya Mungu, kwa hivyo methali hii kwangu si pambo la insha. Ni sare, ni daftari, ni pesa za chakula cha mchana. Mpenzi msomaji, katika kurasa hizi za jarida la chama chetu nataka nikueleze juu ya mmea unaotupa mikeka hiyo, yaani mafunjo. Nitakueleza ulivyo, unapomea, na jinsi ulivyozua mjadala nyumbani kwetu ambao hadi ninapoandika haya haujakwisha.

Kwetu ni ukingoni mwa kinamasi cha Yala, katika kaunti ya Siaya. Kinamasi hiki kiko pale mto Yala unapokaribia kuingia Ziwa Victoria, na ndicho kikubwa zaidi cha maji matamu katika nchi yetu ya Kenya, takriban hekta 17,500. Ndani yake mna vijiziwa kama Kanyaboli, Sare na Namboyo. Sisi Waluo mafunjo huyaita togo. Wataalamu wa mimea huyaita Cyperus papyrus. Wenzangu wanaotoka upande wa barabara ya lami hunitania kwamba mimi ni mtu wa majini. Sikasiriki. Nawaambia tu kwamba mtu wa majini ana habari ambazo mtu wa lami hana.

Hebu tuanze na umbo. Ukiliona funjo kwa mbali utadhani ni ufagio uliosimamishwa kichwa chini miguu juu. Shina lake ni la kijani, laini, halina pingili, wala halina jani lolote mpaka juu kabisa. Funjo lililostawi hufika mita nne au hata tano, yaani mchezaji wetu mrefu wa mpira wa kikapu akipanda juu ya mabega ya mwenzake bado huenda asiguse kichwa chake. Majani unayoyatafuta utayapata chini kabisa, pale shina linapotoka kwenye tope, nayo yamebaki kuwa maganda ya kahawia tu yaliyolikumbatia shina. Kazi ya kutengeneza chakula kutokana na mwanga wa jua hufanywa na shina lenyewe pamoja na kile kichwa cha juu. Kichwa hicho ni nyuzi nyembamba za kijani, mara nyingi zaidi ya mia moja, zilizotawanyika kama nywele za mtu aliyeamshwa usingizini. Kwenye ncha za nyuzi hizo ndiko hutokea vishuke vya kahawia ambavyo ni maua. Maua haya hayana rangi ya kuvutia wala harufu, kwa sababu hayahitaji nyuki. Chavua yake hubebwa na upepo, na kwetu upepo wa ziwani haukosi.

Sasa likate shina hilo kwa wembe, utazame palipokatika. Nyasi utaikuta mviringo, tena yenye uwazi ndani na pingili nje. Lakini funjo lina pembe tatu kama kipande cha mandazi! Mwalimu wetu wa bayolojia alipotupeleka ukingoni mwa kinamasi muhula wa kwanza, alimpa kila mwanafunzi kipande cha shina akamwambia alizungushe katikati ya vidole akiwa amefumba macho. Mara moja ukasikia kote, "Lina kona, mwalimu!" Ndipo akatuambia kuwa mafunjo si nyasi wala si matete, ingawa watu wengi huyachanganya. Mafunjo ni ya jamii moja na ndago. Naam, ndago! Lile gugu tunalong'oa katika shamba la shule tukichelewa kufika asubuhi, ukilikata leo kesho limechipuka, ni binamu wa mafunjo. Nendeni mkalichunguze shina lake, nalo lina pembe tatu. Tangu siku hiyo wenzangu wa darasa wakipewa adhabu ya kung'oa ndago hunigeukia na kuniambia, "Jamaa zako hawa."

Chini ya maji ndiko kwenye siri ya mmea wenyewe. Funjo halisimami peke yake. Mashina unayoyaona yametoka kwenye rizomu, yaani shina nene linalolala na kutambaa ubavu kwa ubavu. Rizomu hizi na mizizi yake husukana kama ukili, zikawa jamvi moja kubwa. Penye maji haba jamvi hilo hushika tope. Penye kina kirefu huelea. Ukitembea juu yake unahisi ardhi ikibonyea na kurudi, kama mtu anayekanyaga godoro lililowekwa juu ya ndoo ya maji. Upepo mkali ukivuma, kipande cha jamvi huweza kumeguka na kwenda zake ziwani kama kisiwa, na ndege wake juu.

Jamvi hili linaelea kwa nini? Jibu nililipata shuleni, lakini uthibitisho niliupata nyumbani. Nyanya yangu, ambaye sisi sote humwita Dani, hakwenda shule. Siku moja nilikata kipande chembamba cha shina nikamtafutia kioo cha kukuzia ambacho mwalimu alikuwa ameniazima. Nikamwambia, "Dani, tazama. Ndani mna vitundu vya hewa, toka juu mpaka kwenye mizizi. Katika tope hakuna oksijeni, kwa hivyo mmea hujipelekea hewa yake wenyewe."

Dani akatazama kwa muda. Akakirudisha kioo, akaendelea kusuka.

"Kwani wewe ulidhani togo inaelea kwa uchawi?" akaniuliza. "Sisi tukiwa wadogo tulifunga mashina kumi pamoja tukajifunzia kuogelea. Hewa iliyomo ndani tuliijua kabla ya huyo mwalimu wako hajazaliwa."

Basi nikanyamaza. Lakini nilifurahi, kwa sababu kioo na Dani walikuwa wamesema neno moja.

Mafunjo ni mmea wa Afrika. Hupenda maji matamu yasiyokwenda kasi, na jua kali. Yapo Naivasha, yapo katika mabonde ya Uganda, yapo katika kinamasi kikubwa cha Sudd huko Sudan Kusini, na yapo hata Okavango nchini Botswana. Maji ya chumvi hayayapendi, ndiyo maana ukienda mwambao wa Mombasa utakuta mikoko badala yake. Pale yanapopata maji na rutuba, mafunjo hukua kwa kasi ya ajabu, kwa sababu njia yao ya kutumia mwanga wa jua ni ile ile ya mahindi na miwa, njia inayofanya kazi vizuri mahali penye joto. Ukiyakata mara moja ukayaacha, kabla ya mwaka kwisha yamesimama tena. Ukiyakata kila mara bila kuyapumzisha, rizomu huchoka, na mwisho wake ni maji matupu.

Kuna jambo jingine ambalo mtu akipita na matatu hawezi kuliona. Mto Yala unatoka mbali, nyanda za juu, na njiani hukusanya udongo, samadi na mbolea za mashamba. Maji yakifika kwenye mafunjo hupunguza mwendo. Udongo hutua, na mizizi hunyonya naitrojeni na fosforasi kama chakula chake. Mafunjo basi ni chujio la chai, na kikombe ni Ziwa Victoria. Sote tunajua taabu ya magugumaji, yale yenye maua ya zambarau yaliyovamia ziwa letu katika miaka ya 1990 hata wavuvi wakashindwa kutoa mashua zao. Magugumaji hushamiri kwa rutuba iliyozidi majini. Ukiondoa chujio, usishangae kikombe kikijaa makapi.

Na wenyeji wa humo je? Kuna nzohe, paa anayeishi kinamasini, mwenye kwato ndefu zilizotanuka ili asizame kwenye tope. Akiona hatari huzama majini akabakiza pua tu. Kuna ndege mmoja ambaye wataalamu humwita gonoleki wa mafunjo, mgongo mweusi, kifua chekundu kama bendera, utosi wa manjano. Huyu makao yake ni mafunjo, na mafunjo yakiisha hana pa kwenda. Dume na jike huitikiana asubuhi mpaka mtu asiyejua anadhani ni ndege mmoja mwenye sauti mbili. Kisha kuna samaki. Kambare na kamongo huzaliana humo. Na katika Kanyaboli yuko ngege wa asili, yule ambaye wazee wetu humsifu kwa utamu. Katika ziwa kubwa ngege huyo alikaribia kutoweka baada ya mbuta kuletwa katika miaka ya 1950 na 1960, lakini Kanyaboli amesalia. Ukuta wa mafunjo ulimkinga na mbuta.

Kwa kuwa hili ni jarida la chama cha Kiswahili, siwezi kupita bila kugusia neno moja. Unaposoma haya umeshika karatasi. Neno hilo tulilipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Wayunani, na kwa Wayunani lilikuwa ni jina la ukurasa uliotengenezwa kwa mafunjo! Wamisri wa kale waliambua ganda la shina, wakaukata ule moyo mweupe kuwa vipande vyembamba, wakavipanga kando kando, wakaweka safu nyingine juu yake kwa kukingamana, wakagandamiza na kukausha. Utomvu wa mmea wenyewe ulisaidia kuvigandisha. Mwaka wa 2013 wanaakiolojia walichimbua katika pwani ya bahari ya Shamu, mahali paitwapo Wadi al-Jarf, maandishi ya mafunjo yenye umri wa zaidi ya miaka 4,500. Mwandishi wake alikuwa mtumishi aliyeitwa Merer, naye aliorodhesha safari za mashua zilizobeba mawe ya kujengea piramidi kubwa ya Giza. Fikiria! Daftari la mtu wa kazi limedumu kuliko majumba ya wafalme wengi. Lakini Misri hiyo hiyo iliyoupa ulimwengu karatasi ilikuja kuyapoteza mafunjo yake ya porini karibu yote, hata yakabidi kupandwa upya katika karne ya 20. Maji ya Yala huingia Ziwa Victoria, na maji ya Ziwa Victoria huingia mto Naili na kufika Misri. Kwa hivyo sisi na Wamisri tumekaa kwenye kamba moja, wao mwisho, sisi mwanzo.

Sasa nirudi nyumbani.

Baba ni mwashi mjini Kisumu na huja mwisho wa mwezi, akipata kazi. Asipopata, haji. Karo ya shule ya kutwa serikali husaidia, lakini chakula cha mchana, sare, viatu na karatasi za mitihani ni juu ya mzazi. Kwetu mzigo huo umebebwa na mikeka ya Dani na mama. Mambo huwa hivi. Alfajiri mama huingia kinamasini na panga, maji yakiwa magotini na wakati mwingine kifuani. Hukata mashina yaliyokomaa peke yake, yale ambayo kichwa kimeanza kugeuka rangi, na kuacha machanga. Huyafunga mzigo, akaupandisha kichwani. Nyumbani mashina huchanwa, yakaanikwa juani siku kadhaa mpaka yageuke rangi ya majani makavu, ndipo Dani hukaa chini ya mwembe akaanza kuyafuma. Mkeka mkubwa humchukua siku mbili, tatu. Sokoni huuzwa shilingi mia mbili hamsini, siku nzuri mia tatu. Siku mbaya mchuuzi hutaka mitano kwa elfu moja, na Dani humtazama tu mpaka mwenyewe aone haya. Haba na haba hujaza kibaba. Mimi nimefika Kidato cha Tatu kwa kibaba hicho.

Dani ana sheria zake. Hakati sehemu moja mara mbili kwa mwaka. Kipande chetu amekigawa kwa macho yake sehemu nne, na hakuna kamba wala kigingi kinachoonyesha mpaka, lakini ole wake atakayekosea. Hakati chini ya maji, kwa sababu asema shina likikatiwa chini ya maji hunywa maji likaoza. Tena haruhusu moto. Nilipomsomea katika kitabu kwamba rizomu huchoka ikikatwa mara kwa mara, alisema, "Hata ng'ombe ukimkama asubuhi, mchana na usiku atakupa damu."

Baba mdogo naye ana mawazo tofauti, na sitaki msomaji amdhanie kuwa ni mtu mbaya. Ana watoto watano, na shamba la juu limegawanywa mpaka limebaki kama leso. Amewaona watu wakikausha kinamasi tangu zamani. Katika miaka ya 1960 kazi ya kukausha ilianza, na hekta zipatazo 2,300 za Yala zikageuzwa kuwa mashamba, na mashamba hayo yamelisha watu. Basi mwaka wa 2023 alifyeka nusu ya kipande chetu, akachimba mitaro, akasubiri kiangazi akachoma. Moshi ulikaa siku mbili. Kisha akapanda sukuma wiki.

Ukweli usemwe, sukuma ile ilikuwa si mchezo! Majani mapana kama sinia. Baba mdogo aliuza sokoni, akanunua mabati, akamlipia binti yake wa kwanza pesa za shule. Hata mimi nilikula sukuma hiyo, tena kwa furaha. Jirani wakaanza kuja kuuliza namna ya kuchimba mitaro.

Lakini mvua za masika za mwaka wa 2024 zilipokuja, zile zilizoleta mafuriko karibu nchi nzima, maji yalikaa katika shamba lile kama kwenye beseni. Sukuma yote ikaoza. Na jambo lililonishangaza ni kwamba ule upande wa Dani, hatua chache tu kutoka pale, mafunjo yalipanda pamoja na maji, yakakaa juu, yakaendelea kuwa ya kijani. Maji yalipopungua tulikuta ardhi ya baba mdogo imeshuka. Mtaro aliokuwa ameuchimba usawa wa goti sasa ulionekana mfupi, kwa sababu ardhi yenyewe ilikuwa imebonyea.

Nilipomuuliza mwalimu, alinieleza hivi. Katika maji ambayo hayana oksijeni, mafunjo yaliyokufa hayaozi upesi. Hurundikana mwaka baada ya mwaka yakawa mboji nene, na hiyo ndiyo rutuba iliyoifanya sukuma kuwa kama sinia. Ukikausha, hewa huingia. Mboji huanza kuoza kwa haraka, kaboni iliyokuwa imefungwa humo hutoka ikaenda angani, na ardhi hushuka. Kumbe mavuno ya kwanza ni kama kutoa akiba benki. Unafurahia pesa, lakini kitabu kinapungua. Na kadiri ardhi inavyoshuka ndivyo maji yanavyoipenda.

Niliyaleta maneno haya nyumbani. Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo nilimshukuru, maana wazee wengi hawawezi.

"Umesema vizuri," alisema. "Lakini nikuulize. Mkeka unaliwa?"

Kabla sijafungua kinywa, Dani akamjibu yeye. "Na hiyo sukuma utaila ukiwa umesimama?"

Watu wakacheka, hata baba mdogo mwenyewe. Hata hivyo, kicheko si jibu. Yeye anasema kosa lilikuwa kufanya kazi nusu. Anataka tufyeke na ule upande wa pili, ili shamba liwe kubwa na liweze kulipia gharama ya kujenga tuta la kuzuia maji. Dani anasema akifyeka upande wa pili, yeye na mama watalazimika kutembea mwendo wa saa nzima hadi pale mafunjo yalipobaki, na huko wanawake wa vijiji vitatu tayari wanagombania. Tangu nusu ya kwanza ilipofyekwa, mikeka imepungua, na mimi nimesharudishwa nyumbani mara moja kwa ajili ya pesa za chakula. Kipande ni cha marehemu babu, kwa hivyo uamuzi ni wa baba na nduguye. Wameahidiana kukaa chini mwezi wa Disemba, watu wote wakiwa wamekuja nyumbani.

Je, mimi nasimama wapi? Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, tena si kwa sababu ya karo yangu peke yake. Mtu mwenye njaa huwezi kumlisha wimbo wa gonoleki. Anayesema mafunjo yahifadhiwe lazima aseme pia baba mdogo atakula nini. Mimi nimeona njia moja, na nitaisema Disemba nikipewa nafasi. Ule upande uliokwisha kufyekwa, sehemu ya juu iliyo karibu na nchi kavu, apande nduma, kwa sababu nduma hupenda majimaji na haihitaji mtaro mrefu wala moto. Sehemu ya chini iliyobonyea iachwe. Rizomu zitatambaa zenyewe kutoka kwa Dani, kama ndago inavyotambaa shambani kwetu bila kuombwa. Upande wa Dani ubaki kama ulivyo, ukikatwa kwa zamu nne. Na baba mdogo, ambaye ana baiskeli na ana ulimi wa biashara, achukue kazi ya kuipeleka mikeka mjini mwenyewe badala ya kumngoja mchuuzi. Faida iliyomwendea mchuuzi imwendee yeye. Sijui kama atakubali. Najua tu kwamba hesabu nimeipiga mara tatu kwenye daftari, na mara tatu imekubali.

Wasomaji wenzangu, hata kama kwenu hakuna kinamasi, jambo hili linawahusu. Kila tarehe 2 Februari dunia huadhimisha Siku ya Ardhi Oevu, kwa kukumbuka mkataba uliotiwa sahihi mjini Ramsar, Irani, mwaka wa 1971, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka wa 1990. Siku hiyo shuleni kwetu hupita kimya kama siku nyingine. Napendekeza chama chetu kiifanye kuwa siku ya kwenda kinamasini na daftari, tukaulize majina. Dani anayajua majina ya mimea kumi na miwili ya majini ambayo sikuyapata katika kamusi yoyote ya maktaba yetu, na yeye ni mmoja tu. Kila mmoja wetu ana nyanya au babu, au jirani mzee. Tukiyaandika majina hayo pamoja na matumizi yake, tutakuwa tumeitumia karatasi kwa kazi iliyo sawa na asili yake.

Na kama kuna mwenzangu ambaye ameona njia bora kuliko hiyo ya nduma na baiskeli, tafadhali asiifiche. Tunakutana kila Ijumaa baada ya masomo, katika darasa la Kidato cha Pili. Naomba aje aniambie kabla ya shule kufungwa, maana Disemba haiko mbali.